Paprika: ipi ununue, ipi inafaa chakula gani, na utumie nini ukiikosa (uzi mrefu)

#1 – Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam. Mara kwa mara humu jukwaani mtu huleta pishi la kigeni, akafika kwenye mstari unaotaka vijiko viwili vya paprika, akauliza aweke nini kwa kuwa hana. Na jibu linalomfikia kwanza huwa ni lilelile: weka pilipili ya unga, hakuna tofauti. Tofauti ipo, tena kubwa. Vijiko viwili vya chakula vya paprika tamu ni kipimo cha kawaida kwa sufuria moja ya kuku, ilhali vijiko viwili vya pilipili ya unga tuliyoizoea sokoni vitaifanya sufuria hiyohiyo isilike, na kuku wa watu atakuwa amepotea bure. Nimefungua uzi huu ili tulizungumze jambo hili kwa utulivu na mtu akiingia dukani ajue anachukua nini.

Paprika ni unga wa matunda ya Capsicum annuum, spishi ileile inayotupa pilipili hoho tunazokatia kachumbari. Asili yake ni bara la Amerika. Wahispania waliipeleka kwao baada ya safari za Columbus mwishoni mwa karne ya 15, na Hungaria iliipata katika zama za utawala wa Waturuki. Matunda huachwa yaive kabisa hadi yawe mekundu, hukaushwa, kisha husagwa. Ukali wa pilipili hukaa zaidi katika nyama nyeupe ya ndani inayoshika mbegu kuliko katika mbegu zenyewe, kwa hiyo msagaji anayeitoa nyama hiyo kwa uangalifu hupata unga usiowasha, na anayeiacha hupata unga mkali, hata kama matunda yametoka shamba moja. Katika karne ya 19 wasagaji wa mji wa Szeged, kusini mwa Hungaria, waliukuza sana utaalamu huu wa kutenganisha mbegu na nyama hiyo nyeupe kabla ya kusaga, na baadaye wataalamu wa kilimo wa huko wakazalisha mbegu za paprika isiyowasha kabisa.

Ninaloliomba kwa kila mpishi ni moja. Kabla ya kutafuta mbadala, jiulize paprika imetiwa katika chakula hicho ifanye kazi gani. Inaweza kuwa imetiwa kwa ajili ya rangi, au kwa ajili ya utamu na uzito wa mchuzi, au kwa ajili ya moshi, au kwa ajili ya ukali. Ukishaijua kazi, mbadala unapatikana. Usipoijua, utabahatisha.

#2 – Mchangiaji, Arusha

Ahsante kwa uzi huu. Katika duka kubwa la hapa mjini nimekuta makopo ya aina tatu: moja limeandikwa kwa Kijerumani Edelsüss, jingine ni paprika ya moshi kutoka Hispania, na la tatu limeandikwa paprika basi, bila maelezo mengine. Bei zimepishana sana. Mwenye fedha ya kopo moja tu achukue lipi?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Arusha, mwenye fedha ya kopo moja achukue tamu, yaani hilo la Edelsüss. Paprika tamu unaweza kuiongezea ukali kwa pilipili ya unga na unaweza kuiongezea moshi kwa njia nitakazoeleza, lakini paprika ya moshi huwezi kuitoa moshi, wala kali huwezi kuipunguzia ukali bila kuipunguza yenyewe na kupoteza rangi.

Jina hilo la Kijerumani linalingana na daraja ambalo Wahungaria huliita édesnemes, na ndilo linalosafirishwa zaidi nje ya nchi yao. Wenyewe wana madaraja mengi. Különleges ni la juu, lenye unga laini sana na rangi nyekundu iliyokolea. Csemege ni la harufu nzuri na ukali mdogo au usiokuwepo. Félédes lina ukali wa kadiri. Rózsa rangi yake huwa imepauka kidogo nalo huwasha kiasi. Na erős ndilo kali lenyewe. Wekundu uliokolea hauna maana ya ukali, kwa kuwa erős mara nyingi huelekea rangi ya hudhurungi, na mtu anayechagua kopo jekundu zaidi akidhani ndilo litakalowasha atapata kinyume cha alichokitaka. Ukiona kwenye kopo jina la Szeged au la Kalocsa, hiyo ndiyo miji miwili inayosifika kwa zao hili nchini Hungaria.

Upande wa Hispania kuna jambo linalowachanganya wengi, nalo ni kudhani kwamba kila paprika ya huko ni ya moshi. Si hivyo. Ile ya La Vera, katika mkoa wa Cáceres, ndiyo ya moshi. Msimu wa mavuno wa huko huangukia wakati wa mvua za vuli, jua halitoshi kukausha, kwa hiyo wakulima huyatandaza matunda juu ya chanja za mbao ndani ya nyumba maalumu, chini yake wakawasha moto wa kuni za mwaloni unaofuka polepole kwa takriban wiki mbili, huku wakiyageuza kwa mkono ili moshi uyapate pande zote. Ile ya Murcia, iliyo kusini-mashariki ambako jua ni kali, hukaushwa bila moshi nayo ni tamu na laini. La Vera yenyewe ina aina tatu: dulce ni tamu, agridulce ni ya kati, picante ni kali, zote tatu zina moshi.

Hilo kopo lililoandikwa paprika basi, bila maelezo, kwa kawaida ni la aina tamu isiyo na tabia kubwa. Linafaa kwa kunyunyizia viazi na mayai ili yapendeze, na kwa kupaka kuku wa kuchoma pamoja na viungo vingine. Kwa chakula ambacho paprika ndiyo mchuzi wenyewe, halitakuridhisha.

#4 – Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi paprika ninayo, nzuri tu, lakini kila nikiitia kwenye mafuta mchuzi unatoka wa kahawia na una uchungu kwa mbali. Nimebadilisha hadi duka, hali ni ileile. Tatizo ni nini?

#5 – Mwanzisha uzi

Dada, duka halina kosa. Mafuta yako yana moto mno. Tunda la paprika lina sukari nyingi, na likisagwa unga laini namna ile, sukari hiyo huungua katika muda mfupi sana ndani ya mafuta yanayochemka. Ikishaungua, uchungu hauondoki hata ukiongeza nyanya au sukari.

Wakati huohuo huwezi kuyakwepa mafuta, kwa sababu rangi ya paprika, ambayo hutokana hasa na kemikali mbili ziitwazo kapsanthini na kapsorubini, huyeyuka katika mafuta na haiyeyuki katika maji. Ukiinyunyiza juu ya supu ya maji matupu utaona vumbi linaelea, na mchuzi wenyewe umebaki mweupe. Kwa hiyo inatakiwa ikutane na mafuta, ila mafuta yenye joto la wastani na kwa muda mfupi.

Acha nieleze namna Wahungaria wanavyopika paprikás csirke, yaani kuku wa paprika, kwa sababu siri yote iko mle. Vitunguu maji viwili vikubwa hukatwa vidogo sana na kukaangwa kwa moto mdogo katika mafuta ya nguruwe. Asiyetumia nguruwe atie samli au mafuta ya kawaida, pishi halitaharibika. Vitunguu havitakiwi kuwa vya kahawia kama vya pilau. Vinatakiwa vilainike, vitoe maji yake, viwe vya kung'aa. Hapo sufuria huepuliwa kabisa na kuwekwa pembeni. Subiri hadi sauti ya kuchemka itulie, ndipo utie vijiko viwili vya chakula vya paprika tamu, ukoroge haraka, na kabla hujahesabu hadi kumi na tano uwe umeshatia maji kidogo au nyanya iliyokatwa. Utaona mafuta yamegeuka mekundu mara moja na harufu imepanda, tamu, inayokaribia ile ya hoho nyekundu iliyochomwa. Rudisha sufuria jikoni, tia vipande vya kuku na chumvi, funika, acha vichemke polepole hadi viive. Mwishoni hutiwa krimu chachu iliyokorogwa na unga kidogo wa ngano. Hapa kwetu mtindi mzito uliochujwa kwenye kitambaa unafaa, mradi uuchanganye kwanza na mchuzi wa moto kidogo kidogo ndani ya bakuli, usije ukakatika.

Anayepikia jiko la mkaa aichukulie hatua ya kuepua kwa uzito zaidi, kwa sababu mkaa hauzimiki kwa kugeuza kitufe, na sufuria nyembamba ya alumini hupitisha joto mara moja.

#6 – Mchangiaji, Mombasa

Naomba niongeze kutoka huku pwani. Katika maduka ya Wahindi ya hapa mjini ipo pilipili ya unga ya Kashmiri, ambayo wapishi wetu hutumia kwa kuku wa tanduri na kwa mchuzi wa rosti ili upate wekundu bila kuwasha kupita kiasi. Ipo pia ya Byadgi, kutoka jimbo la Karnataka nchini India, ambayo rangi yake imekolea vilevile. Mimi nazihesabu hizi mbili kuwa ndugu wa karibu wa paprika kuliko kitu kingine chochote kinachopatikana kwa urahisi huku.

Halafu upo mzingefuri, ambao wakulima wa Kwale wanauita biksa na wanaulima kwa ajili ya rangi ya vyakula. Mbegu zake, kijiko kimoja cha chakula katika robo kikombe cha mafuta, zikipashwa kwa moto mdogo dakika chache, mafuta huwa ya rangi ya chungwa iliyoiva. Huzichuja mbegu na kuyatumia mafuta. Je, mwanzisha uzi, hii unaikubali?

#7 – Mwanzisha uzi

Naikubali kwa rangi, na nakushukuru kuileta, maana watu wengi wanaojua mzingefuri wanauona kama pambo la shambani tu. Ladha yake ni hafifu, yenye udongo kidogo, kwa hiyo haitaleta utamu wa paprika. Kwa wali, kwa viazi vya rojo, kwa samaki wa kupaka ambaye tayari ana viungo vyake, mafuta ya zingefuri yanatosha kabisa. Kwa kuku wa paprika niliyemweleza hapo juu hayatoshi yenyewe, kwa sababu pale unga wa paprika ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito.

Kuhusu Kashmiri, nakuunga mkono kwa tahadhari. Inawasha kidogo, zaidi ya paprika tamu, hivyo usiibadilishe kijiko kwa kijiko. Pishi likitaka vijiko viwili vya chakula vya paprika tamu, mimi ningetia vijiko viwili vya chai vya Kashmiri kwa ajili ya rangi na harufu, kisha ningeongeza hoho nyekundu moja kubwa iliyochomwa juu ya moto hadi ganda liwe jeusi, ikamenywa, ikatolewa mbegu na kusagwa rojo. Hoho hiyo ndiyo inayorudisha utamu na uzito. Mbadala huu ndio ninaouamini kuliko wote, kwa sababu hoho nyekundu iliyoiva na paprika ni matunda ya spishi moja.

Vingine nitavipitia kwa haraka. Nyanya ya kopo inaleta wekundu, lakini inaleta na uchachu, kwa hiyo itie kidogo na uikaange vizuri. Bizari ya manjano si mbadala. Itakupa chakula kingine kabisa. Pilipili za vipande, zile za Maraş nchini Uturuki au za Aleppo nchini Syria, zina harufu nzuri na mafuta kidogo, ila mara nyingi zimetiwa chumvi, hivyo punguza chumvi ya chakula. Pilipili ya Kikorea iitwayo gochugaru ina utamu na wekundu unaofaa, ingawa inawasha. Na pilipili kichaa ya unga ibaki kuwa kiungo cha ukali peke yake: anayetaka kuigeuza paprika tamu kuwa kali aweke robo kijiko cha chai kwa kila kijiko cha chakula cha paprika, aonje, kisha aamue.

#8 – Mchangiaji, Dodoma

Vipi kuhusu hiyo ya moshi? Niliona pishi la viazi na maharage la Kihispania, nikaambiwa niweke paprika yoyote. Chakula kililika, lakini hakikuwa na kile kilichosimuliwa.

#9 – Mwanzisha uzi

Uliambiwa vibaya. Katika vyakula vya Kihispania vya namna hiyo, pamoja na soseji ya chorizo na pweza wa Galicia anayenyunyiziwa mafuta ya zeituni na paprika juu ya viazi, kiungo hiki hunyunyizwa kikionekana na kinasikika moja kwa moja mdomoni, hivyo anayekosa moshi huhisi kuna kitu kimepungua.

Hapa wapishi wetu wa pwani wana mbinu inayotutosha, nayo ni kufukiza kwa mkaa. Pika chakula chako kwa paprika tamu. Kikiwa tayari, weka kibakuli kidogo cha chuma katikati ya sufuria, juu ya chakula, tia ndani yake kipande kimoja cha mkaa kilichoiva hadi kikawa chekundu, kidondoshee samli matone machache, na moshi ukianza kupanda funika sufuria kwa mfuniko uliobana. Dakika tano zinatosha. Ukizidisha, moshi unakuwa mchungu. Fanya kazi hii nje au penye hewa ya kutosha, na tumia mkaa wa kawaida wa miti, usitumie ule uliotiwa kemikali za kuwasha haraka.

Kwa upande mwingine, mwenye paprika ya moshi anayetaka kuitumia mahali pa tamu apunguze hadi nusu ya kipimo na ajaze nusu nyingine kwa hoho nyekundu ya rojo. Sishauri kuitumia kwa chakula chenye krimu au mtindi cha Kihungaria, kwa maana moshi utameza kila kitu, na Mhungaria akikaribishwa mezani hatakitambua chakula cha kwao.

#10 – Mchangiaji, Iringa

Huku hoho nyekundu zinapatikana kwa bei nzuri msimu wake. Inawezekana kujitengenezea paprika nyumbani?

#11 – Mwanzisha uzi

Inawezekana, lakini ujue mambo mawili kabla hujaanza. Hoho ni maji karibu yote, hivyo kilo moja ya hoho mbichi haifiki gramu 100 za unga. La pili, hoho tunazouziwa zina nyama nene, na nyama nene hukauka polepole, jambo linaloipa ukungu nafasi. Ukipata pilipili ndefu nyekundu zisizowasha, zenye nyama nyembamba, chukua hizo.

Osha, futa, pasua, toa mbegu na nyama nyeupe yote, kisha kata vipande vya upana wa kidole kidogo. Vitandaze juu ya ungo au wavu, visigusane, uvifunike kwa kitambaa chepesi dhidi ya nzi na vumbi. Iringa na Njombe wakati wa kiangazi mna hewa kavu inayofaa. Sisi wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa unyevu wa bahari hautusaidii, hivyo ni bora kumalizia katika ovini ya joto la chini na mlango ukiwa wazi kidogo. Kipande kilichokauka kweli huvunjika kwa sauti. Kikipinda bila kuvunjika, bado. Kipande chenye doa jeusi au harufu ya uvundo kitupwe, kisikwanguliwe wala kusagwa, kwa sababu ukungu wa viungo unaweza kuzalisha sumukuvu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 serikali ya Hungaria ilisimamisha kwa muda mauzo ya paprika nchini kote baada ya sumukuvu kugundulika katika paprika iliyochanganywa na shehena kutoka nje. Ikiwa nchi yenye wasagaji wazoefu ilipatwa na jambo hilo, sisi wa ungo na kitambaa tuwe waangalifu zaidi.

Saga katika mashine kavu, chekecha, rudia makapi. Unga utakaopata utakuwa mtamu na wenye harufu nzuri, ingawa rangi yake huenda isikolee kama ya Szeged, maana zile ni mbegu zilizochaguliwa kwa ajili ya rangi kwa vizazi vingi.

#12 – Mchangiaji, Nairobi

Nimesoma mahali kwamba ukitia paprika kwenye glasi ya maji na maji yakawa mekundu, basi imetiwa rangi ya bandia. Yasipobadilika ni salama. Ni kweli?

#13 – Mwanzisha uzi

Nusu yake tu ndiyo kweli, na nusu iliyobaki ni hatari. Jaribio la maji linaweza kufichua rangi zinazoyeyuka majini, na linaweza kuonyesha mchanga au vumbi la matofali vikizama chini. Lakini rangi za Sudani, yaani rangi za bandia za viwandani zenye jina hilo, ambazo zilisababisha bidhaa nyingi za pilipili kuondolewa madukani Ulaya kuanzia mwaka 2003 na kwa wingi nchini Uingereza mwaka 2005, huyeyuka katika mafuta na hazitayabadilisha maji. Mafuta nayo hayatakusaidia kuzibaini, kwa kuwa paprika halisi huyapaka mafuta rangi vilevile. Oksidi ya risasi, iliyochanganywa na paprika huko Hungaria mwaka 1994 ili iwe nyekundu na nzito zaidi na kuwadhuru watu wengi, huwezi kuijua kwa jicho. Vitu hivi hugunduliwa na maabara. Mnunuzi anachoweza kufanya ni kununua bidhaa iliyofungwa, yenye jina la mzalishaji, nchi ilikotoka, na tarehe, na kuacha unga mwekundu wa kung'aa unaouzwa wazi kwa bei ya chini kupita kiasi.

Kwa kuwa suala la tarehe limetajwa, paprika huzeeka haraka kuliko bizari nzima au iliki, maana mwanga na hewa huiharibu rangi yake. Ile chupa ya kioo iliyopangwa dirishani ipendeze, au juu ya rafu iliyo karibu na jiko, ndiyo inayopauka kwanza. Hifadhi katika kopo la bati au chupa ndani ya kabati lenye giza. Kwa miji yenye joto kama yetu, friji ni mahali pazuri mradi mfuniko ubane na kijiko kiwe kikavu. Ikianza kuelekea rangi ya hudhurungi na ukiinusa husikii utamu wowote, haitakudhuru, lakini haitafanya kazi yoyote katika sufuria, na kuiongeza kipimo hakutasaidia. Nunua gramu 50, zitumie ndani ya miezi sita, kisha nunua nyingine.